Paja la mbuzi kukakamaa, ni protini gani inahusika?

Mchunambuzi: Wakuu, jana tumechinja mbuzi saa kumi na mbili asubuhi, paja likawa laini linalegea kabisa, naenda kulikata saa saba mchana limekauka kama ubao! Bios nilikariri aktini na mayosini, zile protini za msuli, nikafaulu ikaishia hapo 😂

Dada wa Maabara: Ni hao hao mkuu. Mayosini ndo uzi mnene, una vichwa vinavyoshika uzi mwembamba wa aktini na kuuvuta, msuli unajikunja. Sasa kuachia ndo kunahitaji ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli), mnyama akishakufa ATP inaisha taratibu, vichwa vinabaki vimeng'ang'ania.

Mchunambuzi: Sasa mimi nikiwa nimekaa tu mbona havishikani?

Dada wa Maabara: Kuna protini nyingine, tropomayosini, imelala juu ya aktini inaziba pa kushikia. Troponini ndo mwenye funguo, ikipata kalsiamu inaisogeza pembeni.

kocha_mstaafu: Mmemsahau titini jamani, hiyo kwa binadamu ina asidi amino (vipande vinavyojenga protini) kama 34,000, ndo protini kubwa kuliko zote mwilini, kazi yake kama springi, msuli ukivutwa inaurudisha na inashikilia mayosini ikae katikati. Watu wa gym wao kutwa protini za kwenye kopo tu.

Mchunambuzi: Asanteni, so hili paja nifanyeje?

Dada wa Maabara: Liweke kwenye friji siku mbili, vimeng'enya vya nyama yenyewe vitakatakata titini na wenzake litalainika. Mbavu tuletee sisi.