Msaada: modeli ya multikasti, pakiti zinarudiwa mno

mwana_nyegezi
Wakuu heshima kwenu. Nipo Nyegezi, Mwanza, namalizia projekti ya chuo. Ni modeli ya kurusha video za masomo toka seva moja hapa mjini kwenda kwa wapokeaji 200 Ukerewe, redio inavuka ziwa halafu mti wa njia za mtandao unagawanyika kisiwani. Kumtumia kila mtu nakala yake haiwezekani, video moja ni Mbps 4 (megabiti kwa sekunde), mara 200 ni Mbps 800, ndo maana nikaenda multikasti, inatoka nakala moja ruta zinagawa huko mbele. Sasa nimeweka kila mpokeaji anapoteza pakiti (kipande cha data) 1 katika 100, na akikosa hata mmoja inarushwa tena kwa wote. Jibu linakuja kila pakiti inarushwa kama mara 1.9!! Asilimia 1 tu inaweza kuzaa hiyo?

fundi_mnara
Inaweza dogo. Wote 200 kuipata kwa mpigo ni 0.99 kipeo 200, kama 0.13 hivi, yaani karibu kila pakiti kuna mtu kaikosa. Ila hiyo fomula inachukulia kila mtu anapoteza kivyake, na wewe wote 200 wanapita redio moja juu ya maji. Pale wimbi la redio lililonyooka na lile lililogonga maji yanafika pamoja, muda mwingine yanauana, na hali ya hewa ikibadilika na mawimbi hayo ya redio nayo yanabadilika. Pakiti ikifia hapo wameikosa wote, ukirudia mara moja wamepata wote. Hasara yote ikiwa ziwani unapata 1.01 badala ya 1.9, kwa asilimia ileile! Kwa hiyo hasara iweke kwenye kila tawi la mti, usimpachike mpokeaji.

mwana_nyegezi
Aisee, hiyo inabadilisha kila kitu. Na kisiwani mwisho wa njia ni waifai.

dada_ilemela
Hapo kwenye waifai usipite harakaharaka mdogo wangu. Pakiti ya multikasti hewani mpokeaji haithibitishi, kwa hiyo ikipotea kifaa cha waifai hakirudii, na mara nyingi inatumwa kwa spidi ya chini kabisa ili hata aliye mbali aipate. Huko ndo kila mtu anapoteza kivyake kweli. Mimi ningeongeza pakiti za ziada za Reed-Solomon (hesabu ya kujenga upya data iliyopotea), mfano 2 kwa kila 20, mtu akipata zozote 20 kati ya 22 anajenga kundi zima. Huyu kakosa ya 3 yule ya 17, ziada zilezile zinawaponya wote wawili. Kwa asilimia yako 1, kama kundi 1 kati ya 4 ndo litabaki na mtu wa kurudishiwa, na umeongeza mzigo asilimia 10 tu.

Na usiwaruhusu wote watume "nimepata", majibu 200 kwa kila pakiti yataielemea seva. Aombe aliyekosa tu, asubiri muda mfupi wa kubahatisha kwanza, akisikia mwenzake kashaomba anyamaze.

fundi_mnara
Hapo kwenye kunyamaza nakuunga mkono. Dogo, kabla hujaweka namba yoyote pima kipande cha ziwani peke yake na cha waifai peke yake, asubuhi, mchana na usiku, ndo urudi kwenye simulesheni.