Hosteli ya chuo, hosteli ya kampuni au kupanga mtaani: mwanafunzi mpya Uingereza achukue ipi?

MwanaPangani
Wakuu, salaam. Naenda kusoma Uingereza mwaka huu. Nina machaguo matatu ya malazi na natakiwa kujibu kabla ya Ijumaa.

A) Hosteli ya chuo: choo na bafu ndani, jiko la watu sita, bili zote humo. Pauni 189 kwa wiki.
B) Studio (chumba chenye jiko na bafu lake), hosteli ya kampuni binafsi. Pauni 265 kwa wiki.
C) Chumba kwenye fleti ya watu watatu mtaani. Pauni 620 kwa mwezi, umeme na gesi tunajilipia.

Kwa haraka haraka naona C ndiyo nafuu. Nisaidieni.

Mzee_wa_Kitonga
Mkuu, hapo bado hujasema kitu. Mji gani? Shahada ya kwanza au uzamili? Mkataba wa A na B ni wa wiki ngapi? Unaenda peke yako? Mdhamini wa kodi ya nyumba anayeishi kule unaye? Bila hayo tunapiga ramli tu.

Kisauni_Leeds
C, wala usijiulize mara mbili. Hosteli unalipia ulinzi wa mlangoni na meza ya pool. Angalia haya tu: dipoziti isizidi kodi ya wiki tano, na ndani ya siku 30 iwe imewekwa kwenye mfuko ulioidhinishwa. Pesa ya kushikia chumba isizidi kodi ya wiki moja. Mwenye nyumba atataka namba ya kuthibitisha viza yako. Unaitoa kwenye akaunti yako ya viza mtandaoni na inatumika siku 90.

MwanaPangani
Samahani wakuu, nilikuwa na haraka. Ni Glasgow, uzamili wa mwaka mmoja, naanza Septemba. A ni wiki 51, B ni wiki 44. Naenda peke yangu, mke atanifuata Januari, ndiyo maana studio inanivutia. Mdhamini sina.

Dada_wa_Clydeside
Glasgow! Basi kaka Kisauni, sheria zako zote hapo juu ni za England. Uskoti wana zao:

- Dipoziti mwisho ni kodi ya miezi miwili, na inawekwa kwenye mfuko ndani ya siku 30 za kazi.
- Ada ya usajili, ya kuandika mkataba, ya kukuchunguza: zote haramu. Ni kodi na dipoziti, basi.
- Mwenye nyumba halazimiki kukagua viza yako kabla ya kukupangisha. Hiyo ni England tu.
- Mkataba wa mtaani hauna tarehe ya mwisho. Ukitaka kutoka unatoa notisi ya siku 28. Hosteli, iwe ya chuo au ya kampuni, haimo kwenye sheria hiyo. Ukisaini wiki 51 ni wiki 51.

Na fleti ya watu watatu wasio ndugu inahitaji leseni maalumu ya manispaa. England kwa kawaida inaanzia watu watano, Uskoti watatu. Muulize dalali namba ya leseni. Akianza kuzungukazunguka, ondoka.

Mzee_wa_Kitonga
Hapo kwa mke tusimame kwanza. Tangu 1 Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa masomo ya darasani haruhusiwi kuleta mwenza wala watoto kwa viza ya utegemezi. Wanaoruhusiwa ni wa shahada za utafiti na wenye ufadhili wa serikali. Wewe uko kundi gani?

MwanaPangani
Wa darasani, najilipia. Duh.

Mzee_wa_Kitonga
Basi studio imekufa. Na wiki 44 kutoka katikati ya Septemba zinaishia Julai, wakati tasnifu nyingi za uzamili zinakusanywa Agosti au Septemba. Utakuwa unahama na mabegi huku unaandika sura ya nne.

Jingine: ukishalipa hosteli ya chuo mapema, risiti inapunguza kiasi cha pesa unachotakiwa kuonyesha kimekaa benki siku 28 unapoomba viza, ingawa kuna kikomo. Malipo ya kampuni ambayo chuo hakijakupangia hayapunguzi kitu. Kwa anayejilipia, hilo si jambo dogo.

Kisauni_Leeds
Sawa, Uskoti nimeikubali. Lakini hesabu haibadiliki. A ni 189 mara 51, pauni 9,639. C ni 620 mara 12, pauni 7,440. Tofauti 2,199. Hata mkigawana bili bado anabaki na chenji nzuri. Na wenzetu wengi hapa huzidisha kodi ya wiki mara nne wakadhani ndiyo ya mwezi: 189 mara nne ni 756, kumbe kwa mwezi halisi ni 819.

Dada_wa_Clydeside
Hesabu ni nzuri, ila umesahau mdhamini. Asiye naye huombwa kodi ya mbele, na Uskoti kikomo ni miezi sita: pauni 3,720, weka na dipoziti, kabla hajanunua hata blanketi. Halafu hajasema kama mkataba ni wa chumba au wa pamoja. Wa pamoja maana yake mwenzenu akitoroka, kodi yake ni yenu, na notisi ya siku 28 haifanyi kazi mpaka wote msaini.

Upande mzuri wa C: mkiwa wote wanafunzi wa muda wote, kodi ya halmashauri hamlipi. Uskoti bili ya maji huja pamoja na kodi hiyo, kwa hiyo na maji hamlipi. Mmoja akiwa mfanyakazi, bili inakuja na punguzo la robo tu, hapo ugomvi unaanza.

Bibi_Chumvini
Kabla hajatuma hata senti ajue kisa cha binti mmoja wa Mombasa. Aliona tangazo mtandaoni, fleti ya mtaa wa Dennistoun, Glasgow, pauni 450 na bili zote ndani. "Mwenye nyumba" akasema yuko kwenye mtambo wa mafuta baharini, funguo zitaletwa na mtu wa vifurushi pesa ikishaingia. Akatuma picha ya pasipoti na mkataba wenye nembo ya kupendeza. Binti akatuma 900. Siku ya kufika, anwani ipo, mlango upo, na ndani wamo watu wanaoishi humo miaka yote, hawajawahi kutangaza chumba.

Dalili zilikuwa wazi. Tangazo halikuwa na namba ya usajili. Uskoti kila mwenye nyumba binafsi lazima asajiliwe, namba iandikwe kwenye tangazo, na rejista iko wazi mtandaoni, unatafuta kwa anwani. Mkataba nao ulitaja sheria ya England na muda wa miezi sita, wakati Uskoti mikataba mipya ya mtaani ya namna hiyo haipo tangu Desemba 2017. Alikuwa hajui, na tapeli alinakili tu.

MwanaPangani
Tangazo langu la C lina namba, ngoja niitafute. Je, baridi?

Fundi_Boila
Uliza C ni jengo gani. Majengo ya mawe ya zamani ya Glasgow dari ziko juu na madirisha ni ya kusukuma, joto lote linapita. Omba cheti cha nishati, herufi A mpaka G. Ikiwa E kushuka chini, jiandae. Uliza mita: ya kulipia kabla ni kama LUKU, ikiisha usiku wa Jumapili unaganda. Omba cheti cha gesi cha mwaka huu. Na msianike nguo kwenye redieta madirisha yakiwa yamefungwa, ukungu utaota nyuma ya kabati na dipoziti itakatwa.

Kisauni_Leeds
Mnamtisha kijana. Angalau C atafukiza udi wake kwa raha. Hosteli king'ora kinalia jengo zima linashuka barabarani na kandambili.

Fundi_Boila
Tangu Februari 2022 nyumba zote Uskoti zinatakiwa ziwe na ving'ora vilivyounganishwa. Kimoja kikilia, vyote vinalia. Udi wako utaamsha watu hukohuko C.

Bibi_Chumvini
Na wewe mtoa mada hujasema chuo. Fleti iko Partick? Kama ni Chuo Kikuu cha Glasgow uko jirani kabisa. Kama ni Strathclyde, chuo kiko katikati ya mji, ongeza nauli kila siku.

MwanaPangani
Strathclyde. Fleti iko Partick, ndiyo. Kwenye rejista namba ipo ila jina si la dalali.

Dada_wa_Clydeside
Dalali ana namba yake ya usajili, tofauti na ya mwenye nyumba. Muombe zote mbili. Na kituo cha Partick kina treni na Subway (treni ya chini ya ardhi), kwa hiyo umbali si kikwazo kama Bibi anavyosema.

Bibi_Chumvini
Sikusema kikwazo, nimesema nauli.

MwanaPangani
Nimemwandikia dalali, nimewaomba na chuo waniongezee siku tatu. Swali la pembeni: rice cooker niibebe?

Fundi_Boila
Plagi na volti ni zilezile za nyumbani, adapta usinunue. Hosteli nyingi huruhusu jikoni, si chumbani.

Kisauni_Leeds
Acha rice cooker, beba dagaa. Wakavu wanaruhusiwa, kikomo kilo 20. Nyama na samli usithubutu, uwanjani wanatupa.

Bibi_Chumvini
Kilo 20 za dagaa kwenye jiko la watu sita? Huyo anachagua C lazima.