Nitajuaje ni ndege gani kwa picha ya chumba cha rubani pekee?

Dirisha_la_Langata:
Wadau, salaam. Nina picha 40 za vyumba vya marubani, nyingi za viwanja vya Wilson na JKIA hapa Nairobi, hazina maelezo wala tarehe. Nataka kuziandikia majina kwa albamu ya klabu ya wanafunzi. Nimekuwa nikihesabu skrini lakini nakwama: sita naziona kwenye A320 ya Airbus, 737 na 777 za Boeing, tano kwenye Dash 8-400, ATR 72-600 na Embraer. Nianzie wapi?

Kipanga_Wilson:
Skrini ziache mwisho, boss. Skrini hubadilishwa. Kuna 757 na Caravan kuukuu zilizong'olewa geji za sindano zikawekewa skrini mpya, ukihesabu unadanganyika. Bawa halibadilishwi hivyo, na kishikio cha flapu (vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kupaa na kutua) hufuata bawa. Kwa ndege za abiria hukaa upande wa kulia wa vishikio vya nguvu za injini. Kuza hapo usome namba zilizochorwa kando yake:

0, 1, 2, 3, FULL: Airbus kuanzia A320.
UP, 1, 2, 5, 10, 15, 25, 30, 40: 737, ya zamani au mpya.
UP, 1, 5, 15, 20, 25, 30: 757, 767 au 777.
UP, 1, 5, 10, 20, 25, 30: 747-400.
0, 1, 2, 3, 4, 5, FULL: Embraer E170/E190.
0, 5, 10, 15, 35: Dash 8-400.
0, 15, 30: ATR 72.

Hizo mbili za mwisho ndizo zinazochanganya watu zaidi, kwa hivyo tazama pia vishikio vya pili vya injini, vile vya propela. Dash 8-400 imeandikwa 850, 900 na 1020, yaani mizunguko ya propela kwa dakika. ATR 72-500 na -600 imeandikwa AUTO na 100% OVRD. Ukiona mojawapo umemaliza, hata kama skrini zimezimwa.

Geji_na_Sindano:
Naongeza: hesabu vishikio vya nguvu, lakini usihesabu kijinga. Caravan ina injini moja na vishikio vinne: cha dharura kushoto, kisha cha nguvu, cha propela na cha mafuta. Mtu akiona vinne anaandika "injini nne"! Twin Otter nayo inavyo darini, juu ya vichwa vya marubani, kwa hivyo picha iliyokatwa juu huonekana kama ndege isiyo na vishikio kabisa. Cessna 172 haina vishikio vya kusukuma mbele bali vitufe vya kuvuta: cheusi cha nguvu, chekundu cha mchanganyiko wa mafuta. Ukiona cha tatu cha buluu katikati, propela inarekebishwa mwendo, basi si 172 ya kawaida. Anza kufikiria 182.

Mlango_wa_Sita:
Mbona mnazunguka? Kijiti cha kuongozea kilicho pembeni ni Airbus, usukani ni Boeing.

Kipanga_Wilson:
Hapana. A300 na A310 ni Airbus na zina usukani. Falcon 7X na Sukhoi Superjet zina kijiti cha pembeni. Hiyo ni dalili tu.

Dirisha_la_Langata:
Asanteni. A320 na A330 nazitofautishaje? Flapu ni zile zile, vishikio viwili viwili.

Geji_na_Sindano:
Kama skrini zinawaka, tafuta herufi GW kwenye skrini ya kati ya chini, pembe yake ya chini kulia. Ni uzito wa ndege kwa kilo. Ikizidi 110,000 si familia ya A320. Hata A321 haifiki hapo. A330 hata tupu inapita huo uzito. Kwa 737 mambo ni rahisi: skrini nne kubwa za mlalo ni MAX (kizazi kipya), sita ndogo ni NG (kilichoitangulia), geji za sindano za injini ni za kizazi cha -200 au -300. Magurudumu mawili makubwa meusi yenye mstari mweupe, pembeni mwa vishikio (ya kurekebisha mkao wa pua ya ndege), yapo kwa 737 zote.

Jingine: mwombe aliyekutumia picha aitume kama faili kwenye WhatsApp, si kama picha. Ikiminywa, maandishi ya flapu ndiyo ya kwanza kupotea. Na ikiwa maneno yamepinduka, igeuze kwanza, vinginevyo utamweka rubani msaidizi kushoto.

Dirisha_la_Langata:
Namba 7: usukani wenye pembe mbili kama za kondoo, flapu 0 hadi 5 halafu FULL. E170 au E190?

Kipanga_Wilson:
Vyumba vyao ni kimoja, leseni ya kuzirusha pia ni moja. Tafuta kibandiko cha namba ya usajili kwenye paneli ya mbele, kinachoanza na 5Y kama ni ndege ya Kenya. Kisiposomeka, andika "E170/E190" uiache hivyo.