MJADALA: Mgonjwa wa kiharusi avutwe viungo au afanye mwenyewe?

Wakuu habari zenu. Najua mafizio (wataalamu wa mazoezi tiba) wa humu mtanirukia ila karibuni tu.

Mzee wetu alipata stroko, upande wa kulia umelala. Tunampeleka mazoezi, na muda mwingi anakuwa amelala chali, fizio anavuta mkono, anakunja goti, anazungusha bega, jasho linamtoka, mzee anaangalia feni. Mwishoni anasimamishwa kidogo, tunalipa, tunapanda bajaji tunarudi. Sasa hapo aliyefanya mazoezi ni nani?

Hii ya kuuongoza mwili wa mgonjwa kwa mikono ilienezwa na Berta Bobath, fizio wa London, na mumewe Dkt. Karel, toka miaka ya 1940, na kwa wakati ule ilikuwa hatua kubwa maana wagonjwa walikuwa wanafundishwa kutegemea upande mzima tu, ule mwingine basi tena. Heshima yao iko palepale. Lakini wale Cochrane wanaokusanya tafiti za tiba na kuzipima, 2014 walipitia tafiti 96 za kiharusi zenye watu zaidi ya 10,000 hawakuona njia moja yenye jina inayozishinda zingine. 2017 wakapima kuvuta viungo peke yake, tafiti 49, watu 2,135, na kwa wenye matatizo ya ubongo na mishipa ya fahamu kiungo kilifunguka zaidi kwa wastani wa nyuzi (digrii) 2. Mbili! Kwa macho huwezi hata kuziona.

Msimamo wangu: muda wa kulipia uwe wa mgonjwa kuinuka kwenye kiti, kukaa, kuinuka tena, kushika kikombe, mpaka achoke yeye.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu mimi ni fizio na nusu ya uliyosema nakubali, ila njoo wodini. Mtu ana kilo 90, kukaa tu anaangukia upande, unamwambia inuka na kaa? Lazima nimshike kiuno, nizuie goti lisikatike, ndo apate huko kurudia unakotaka. Halafu ndugu mnachangia sana. Nikimpa mgonjwa kazi nikakaa pembeni nahesabu, mnasema huyu mvivu, anachezea simu, tubadilishe hospitali. Nikimvuta mpaka anapiga kelele mnasema huyu ndo fundi.

Mleta mada:
Hahaa hapo umetupata ndugu zangu wote. Lakini kushika goti ili asimame ni kitu kingine, hiyo siipingi, mikono inamsaidia kazi yake na inapungua kadri anavyopata nguvu. Ninachopinga ni mgonjwa kulala tu. Na hilo bega la kuvutwa mpaka kelele mbona hulisemi, bega lililolegea ukilivuta hovyo unaliumiza, akishaumia mkono hataki hata uguswe.

Mchangiaji wa pili:
Jamani mnaongea kama wote wana vidole vinavyocheza. Ile ya kufunga mkono mzima ili mbovu ulazimike kufanya kazi, Marekani walitoa majibu yake 2006 na yalikuwa mazuri kweli, ila waliwachukua wenye uwezo wa kufungua kiganja angalau kidogo. Mama yangu ngumi imekaza miaka, nisipomnyoosha vidole taratibu kila asubuhi siwezi kumwosha ndani, kucha zinachoma kiganja, harufu. Na hiyo Cochrane yako kaka isome mpaka mwisho, kuvuta kwa zaidi ya miezi saba wenyewe walisema hawajui. Sasa mama nimwache?

Mleta mada:
Usimwache dada. Kumfungua mkono aoshwe na akatwe kucha ni huduma na lazima ifanyike, na kama umekaza hivyo muulize daktari wake kuhusu sindano za kulegeza misuli, zipo ila bei yake ndo shida. Lakini hiyo unaifanya mwenyewe asubuhi, bure. Mimi nimeulizia ile saa ninayolipia.