Naombeni ushauri: nisome na vijana wa parokia riwaya ya padri mlevi?

Wakuu habari za jioni. Mi ni mlezi wa vijana parokiani, Jumamosi tunasoma kitabu kidogo kidogo huku natafsiri. Sasa nimechukua The Power and the Glory ya Graham Greene, ya 1940, nikajua ni habari za mashahidi. Jimbo la Tabasco kule Mexico miaka ya 30 misa marufuku, padri aoe au apigwe risasi, kabaki mmoja anakimbia kijiji kwa kijiji. Sasa huyo mmoja mlevi, ana mtoto, na muoga kweli kweli. Mama mmoja kamsikia mwanae anasimulia, kanipigia simu kawaka. Niendelee au nibadilishe?

NgedereMpole: Mi nlijua Tabasco ni pilipili ya chupa tu 😂

Mwanakwaya: Endelea mkuu. Umefika pale pa divai? Pombe nayo marufuku, anatafuta divai ya misa kwa magendo, anauziwa na binamu wa gavana pamoja na brandi, halafu jamaa wanaifungua hiyo divai wanaimaliza mbele yake na hawezi kukataa maana atajulikana, anabaki na brandi ambayo kwa misa haina kazi, machozi yanamtoka. Mlevi analilia chupa na wala sio kiu. Wasomee hapo uone nani atacheka.

DadaWaPili: Wana umri gani kwanza? Na huyo mama mwambie hayuko peke yake, Vatican wenyewe 1953 walikilalamikia wakataka kirekebishwe, Greene akakwepa. Ila 1965 Papa Paulo VI akamwambia uso kwa uso amekisoma na asiwajali wanaochukizwa.

Mleta uzi: 18 mpaka 25. Hiyo ya Papa imenisaidia aisee. Ila kinachonisumbua hasa ni yule luteni anayemsaka, halewi, anapenda watoto, vijana wamempenda yeye kuliko padri!

Mwanakwaya: Waache wampende, hata padri anamuona mtu mwema. Luteni anamtoa padri jela bila kumjua na peso 5 anampa. Ila huyo huyo anabeba mtu mmoja kila kijiji, wanakijiji wasipomtaja padri, huyo mtu anapigwa risasi. Na padri naye kashavuka mpaka wa jimbo, yuko salama, anaitwa akamuungamishe mtu anayekufa, anajua kabisa ni mtego na anarudi.

NgedereMpole: Sasa si umetumalizia kitabu wewe

Mleta uzi: 😂😂 Jumamosi tunaanza na divai. Yule mama nimemkaribisha, kasema anakuja na atakaa mbele.