Mjadala: anayeanza kusikiliza taarabu asilia tumpe Siti au Zein?

Kijana akiuliza aanzie wapi kusikiliza taarabu asilia, jibu letu ni lile lile: Siti binti Saad, yule mwimbaji wa Unguja. Na wapo wanaosema kwamba ukimtaja mwingine kabla yake umemvunjia heshima. Mimi napinga.

Siti ni mama wa fani, hilo halina ubishi. Mwaka 1928 alivuka bahari na wenzake hadi Bombay, wakarekodi kwa kampuni ya santuri ya His Master's Voice, na Kiswahili kikaimba ndani ya santuri. Lakini santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba kama dakika tatu tu kila upande. Taarabu haiendi hivyo. Ubeti huimbwa, ukarudiwa, ala zikapita, mtu akainuka kutunza, ndipo ukaja ubeti mwingine. Kule Bombay saa iliwakimbiza, na watu wa mtaa wa Ng'ambo kule Unguja waliozoea kumwitikia hawakuwapo.

Halafu kuna mkwaruzo wa santuri zile. Wengine husema usafishwe kwa kompyuta. Nimezisikiliza zilizosafishwa: mkwaruzo ukiondolewa kwa pupa, "s" na "f" huondoka nao, maana sauti hizo zinakaa huko huko juu. Shairi lisilosikika herufi zake limebaki mahadhi matupu.

Nilimwekea mpwa wangu Siti. Haikutimia dakika, akachomoa spika ya sikioni: "Mjomba, mbona kama stesheni haijashika?" Sikumlaumu. Nikamwekea Zein l'Abdin, mwimbaji na mpiga udi, ile ala ya nyuzi; nilimwekea ile rekodi ya Mtindo wa Mombasa iliyotolewa mwaka 1990. Udi hauna papara, neno linatoka zima. Katikati ya wimbo akausimamisha mwenyewe, akaniuliza maana ya neno moja la Kiamu, lahaja ya Lamu. Tukaurudia ubeti ule mara nne, tukabishana fumbo lake mpaka chai ikapoa.

Zein alizaliwa Lamu, akajenga jina Mombasa, akafariki mwaka 2016. Udi wake ni wa kujivunia popote pale, na inaniuma kwamba rekodi ile ilitolewa na kampuni ya London huku vijana wengi wa pwani hawajapata hata kuisikia. Tumemzoea kama mtu wa harusini, tukasahau kukaa tumsikilize.

Mwenye hamu ya ganuni, ala ya nyuzi nyingi, na fidla nyingi kwa pamoja aende kwa Ikhwani Safaa, kikundi kilichoasisiwa Unguja mwaka 1905. Siti aje baada ya hapo, sikio likishajua ubeti unavyokwenda. Hapo mkwaruzo hautamzuia tena. Atamfuata bibi yule hadi ndani ya dakika zake tatu, na ataelewa ni kiasi gani alichokibana humo.

Ndugu mnaoshikilia Siti kwanza, nitajieni wimbo wake mmoja mliompa mtu asiyeijua taarabu, akausikiliza hadi mwisho, kisha akaomba mwingine. Nami nitamjaribu nao mpwa wangu.