Meli ikiangusha daraja: mbona kufungua njia kulichukua wiki 11?

Mkandani:
Assalaam aleikum wanajukwaa. Ubishi wa barazani hapa Lamu umeshindikana, nauleta kwenu. Meli ya makontena, Dali, iligonga nguzo ya daraja la Francis Scott Key kule Baltimore, Marekani, usiku wa 26 Machi 2024. Daraja likaanguka, mafundi sita waliokuwa juu wakiziba mashimo ya barabara wakafa. Meli ilikwama pale hadi 20 Mei, na mkondo haukufunguliwa wote mpaka 10 Juni.

Mzee mmoja anashikilia kwamba huo ni uzembe mtupu: wangengoja bamvua, maji yajae sana, wakafunga tagi (boti za kuvuta meli) kwenye tezi, nyuma ya meli, wakaivuta ikatoka. Kweli? Pili, nani hulipa hasara kama ile? Tatu, sisi wenye bandari Ghuba ya Manda linatuhusu nini?

FarumiNzito:
Aleikum salaam. Mwambie mzee jahazi lililopanda fungu limekamatwa chini peke yake. Ukipunguza shehena na maji yakajaa, linaelea. Dali ilikuwa imekamatwa juu pia. Juu ya omo, yaani mbele ya meli, lililala pande la daraja lenye urefu wa mita 150 hivi, uzani uliokadiriwa kufikia tani 600. Vuta meli na mzigo huo haujaondoka, hujui utaporomokea wapi.

Lakini kilichokula siku ni chuma kilichokuwa majini. Daraja lile liliundwa kwa vyuma vilivyofungamanishwa, kila kimoja kikivuta au kukisukuma chenzake. Likianguka, nguvu zile haziishi, zinabaki zimefungwa ndani ya vyuma vilivyopindana. Chukua ufito wa mkoko, ukunje, umpe mtu aushike ncha mbili, kisha uukate katikati: utamrukia usoni. Sasa ufito huo uwe wa tani mia kadhaa, umezama topeni, na anayekata ni mzamiaji asiyeona mbele zaidi ya nusu mita. Kazi ilikwenda hivi: mashine za mwangwi zikachora picha ya vyuma vilivyolala chini, mtu juu ya chombo akaitazama picha na kumwongoza mzamiaji kwa sauti, na hapo ndipo kipande kikachaguliwa kukatwa. Wahandisi hukokotoa kwanza uzani wa kipande na mahali pa kufunga minyororo. Ukikosea mahali, kinageuka hewani. Ukisahau tope, winchi inalemewa, maana tope hufyonza chuma na kinachong'oka ni kizito kuliko hesabu ya karatasini. Winchi kubwa kuliko zote pale, Chesapeake 1000, mwisho wake ni tani 900 hivi. Kilichotolewa chini ni kama tani 50,000, kwa hiyo hesabu mwenyewe safari za matishari, vyombo bapa vya kubebea mizigo.

Wala hawakungoja yote yaishe ndipo wafungue. 1 Aprili walifungua kijinjia pembeni chenye kina cha futi 11, cha tagi na matishari tu. 25 Aprili wakapata futi 35, na baadhi ya meli zilizonaswa ndani ya bandari zikatoka. Mkondo kamili ni futi 50 kina na futi 700 upana, huo ndio wa 10 Juni.

Pande la omoni lilikatwa kwa baruti 13 Mei. Watu waliona kama sinema, kumbe ndiyo njia salama: hakuna mtu aliyesimama karibu na chuma kinapokatika. Makontena takriban 180 ya mbele yalikuwa yameshashushwa. Na hapo mzee ajue jambo moja: kila unapopunguza mzigo, omo linataka kuinuka kabla hujawa tayari. Ndiyo maana waliijaza maji ya farumi, yaani ya kuitia uzito, ibaki imelala. Siku ya kutoka wakapampu zaidi ya galoni milioni moja nje, wakangoja maji yajae alfajiri, tagi zisizozidi tano zikaisogeza polepole hadi gatini. Kwa hiyo maji kujaa yalitumika. Yalikuwa hatua ya mwisho tu.

Shela_Kusi:
Na nanga je? Meli ya mita 300 haina nanga?

FundiJenereta:
Ilishushwa ya kushoto. Meli yenye uzani wa zaidi ya tani laki moja, hata ikienda noti sita na nusu (kama kilomita 12 kwa saa), nanga moja haiizuii katika dakika moja mbili. Umeme ulikatika mara ya kwanza saa 7 na dakika 25 usiku, na nguzo iligongwa dakika nne baadaye.

Wachunguzi wa Marekani walitoa jibu Novemba 2025: waya mmoja wa ishara ulikuwa haujaingia sawasawa katika tundu lake. Kilichouzuia ni kibandiko cha plastiki chenye namba ya waya, kilivishwa karibu mno na ncha, kikagota. Waya ukalegea, breka ya umeme ikafunguka, meli ikazima. Umeme uliporudi ukakatika tena, kwa kuwa mafuta ya jenereta yalikuwa yakisukumwa na pampu iliyowekwa kwa kazi ya kusafisha mabomba. Pampu ile haijiwashi yenyewe umeme ukirudi, jenereta zikakosa mafuta. Injini kubwa nayo ilizimika ilipokosa maji ya kupozea. Pangaboi lisipozunguka, usukani haupati maji ya kuushika, ugeuze upendavyo.

Mafundi wa boti hapa: baada ya kukaza skrubu, vuta kila waya kwa mkono. Ukitoka, haukuwa umeingia.

Mkandani:
Waya mmoja! Haya, na pesa?

Kadhia_ya_Bahari:
Hapo ndipo watu hukasirika. Sheria ya Marekani ya 1851 inamruhusu mwenye meli aombe dhima yake isizidi thamani ya meli baada ya ajali pamoja na nauli ya safari ile. Wenye Dali walipiga hesabu hivi: meli dola milioni 90, toa milioni 28 za matengenezo, toa milioni 19.5 za uokoaji, ongeza nauli milioni 1.17. Ikabaki milioni 43.67. Hata hivyo, Oktoba 2024 walikubali kuilipa serikali ya Marekani karibu milioni 102 kwa kazi ya kusafisha mkondo tu. Bima ya daraja lenyewe ililipa jimbo la Maryland milioni 350. Daraja jipya linakisiwa bilioni 4.3 hadi 5.2, na mlipaji ni hazina ya taifa.

Kuna na mlango mwingine wasioujua wengi. Mwenye meli alitangaza hasara ya shirika. Ni ile kanuni ya kale ya majahazi: shehena ikitoswa ili chombo kiokoke, mwenye mzigo uliosalia naye huchangia. Kwa hiyo mfanyabiashara aliyekuwa na kontena moja humo alitakiwa dhamana kabla ya kupewa mali yake. Mwenye bima ya mzigo, bima ilimwekea. Asiye nayo alitoa mfukoni. Wanaoagiza bidhaa kwa meli walishike hilo.

GatiTatu:
Najibu la tatu. Mkanda, ule mlango wa maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, hauna daraja, na maji yakipwa hata boti za Pate hungojea, basi meli kubwa haina njia humo. Meli za bandari mpya ya Lamu, kwenye gati za Kililana zenye kina cha mita 17.5, huingia Ghuba ya Manda kutoka upande wa bahari kuu. Hofu yetu si nguzo. Ni meli kuzama au kukwama kwenye mlango wa kuingilia.

Mambo mawili ya kuuliza. Mosi, cheti cha bima ya kuondoa mabaki. Mkataba uliopitishwa Nairobi 2007, ulioanza kutumika 14 Aprili 2015, unamtaka mwenye meli ya ujazo wa tani 300 na zaidi awe na bima hiyo, na aondoe mabaki yanayohatarisha njia. Pili, tagi. Dali ilisaidiwa na tagi mbili kutoka gatini, kisha zikaachana nayo kama ilivyo desturi kule, kabla haijafika darajani. Hapa swali liwe: tagi zinaiacha meli wapi, na zikiitwa zinarudi kwa dakika ngapi?

Mkandani:
Shukran nduzangu. Nampelekea mzee la farumi kwanza.